Kiti cha Sensa

Haya, nakutega wewe unayesoma. Kaa vizuri, usije ukasema sikukupa nafasi. Nimeletewa mgeni. Hana macho, anajua giza limeingia. Hana ngozi, anajua jua limekuwa kali. Hana pua, anajua nyumba ina moshi. Lakini mgeni huyo hajui lolote mpaka mwenyeji wake amwambie ajue nini. Ni nani?

Fikiri. Ukishindwa utanipa mji. Ndivyo tulivyolelewa sisi: aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, na mtegaji huenda huko akala akashiba kwa maneno matupu, akirudi anatoa jibu. Usinipe Mchinga tu. Mchinga ninakaa, sitaki kupewa kilicho changu.

Usione haya ukishindwa. Mimi nilishindwa, tena nyumbani kwangu, na mgeni mwenyewe nimeonyeshwa picha yake.

Mambo yalianza siku mjukuu wangu Warda aliporudi kutoka Lindi kwenye maonyesho ya sayansi. Warda ni mtoto wa binti yangu Kudra, aliyeolewa Tingi huko Kilwa. Mtoto nimekaa naye tangu alipoachishwa ziwa, na nyumba yetu ina watu wawili, mimi na yeye, ukiacha kuku. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amefaulu, na jina limetoka: kidato cha tano, shule ya wasichana ya bweni, Iringa. Kila mtu Mchinga alijua kwamba Warda wa Bi Mboni, ndiye mimi, anakwenda Iringa. Aliyekuwa hajui ni begi lake, maana lilikuwa bado juu ya kabati, tupu, lina vumbi.

Huko Lindi alipeleka kengele aliyoiunga mwenyewe kwa nyaya na kopo la maziwa. Tone la mvua likiigusa inalia, ili mwenye ufuta uani akimbilie kuuanua. Wakubwa wakaipenda.

Alinikuta nimekalia mbuzi nakuna nazi. Akanipa shikamoo, nikaitika, akachuchumaa mbele yangu akasema amepata zawadi.

"Nimepewa kiti ya sensa, bibi. Ila wamesema nichague mwenyewe."

"Kiti cha," nikamwambia. "Unakwenda kidato cha tano unasema kiti ya? Mimi niliyeishia la saba nikisema hivyo mwalimu angenichapa."

Akacheka, akasema hii ni kiti ya, siyo kiti cha, nikashindwa kumwelewa. Kwangu mimi kiti kina miguu. Na sensa ni wale makarani waliokuja na vishikwambi vyao kutuuliza nani alilala ndani ya nyumba hii usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Nilimjibu yule kijana kwamba tulilala wawili, akaandika, akachora namba mlangoni kwa chaki, akaenda zake.

Warda akaendelea kwamba linalomsumbua zaidi ni bodi, hajajua achukue bodi ipi. Hapo nikaona nimeelewa. Bodi naijua. Chama chetu cha korosho kina bodi, wanakaa mezani wanakunywa soda. Basi mjukuu wangu amepewa kiti kwenye bodi ya sensa. Nikamwambia Alhamdulillah, nikarudi kwenye nazi yangu, na mkono ukawa unakwenda mbio kwa furaha.

Kosa langu ni kwamba sikunyamaza. Jirani yangu Rehani alikuja kuomba moto, nikampa moto na habari pamoja. Kesho yake asubuhi akarudi amevaa khanga mpya, ameshika kuku, anataka mwanawe Suleiman naye aandikwe ukarani. Alimwomba Warda kwa adabu zote, akamwita mheshimiwa. Warda alikuwa anapiga mswaki. Povu lilimtoka mpaka puani.

Kuku alirudi kwao. Rehani hakukasirika sana, lakini mpaka leo akipita mlangoni ananiuliza kama bodi imekaa.

Siku hiyo ndipo Warda akanikalisha akanieleza taratibu. Kwamba kiti yenyewe ni neno la Kiingereza, ni boksi, ndani yake mna vifaa vya mtu anayeanza kujifunza. Kwamba bodi ni kibao, kidogo kama sanduku la kiberiti au kikubwa kidogo, na ndicho kinachofikiri. Na sensa ni vidude vinavyounganishwa kwenye kibao hicho kwa waya. Kimoja kinahisi joto, kingine unyevu, kingine mwanga. Wasomi wanaviita vihisio, lakini yeye na wenzake wanasema sensa kwa sababu wamekuta watu wanasema hivyo.

Nikamuuliza kama vinahesabu watu.

"Havihesabu watu, bibi."

"Basi mngeviita jina jingine. Mnawachanganya wazee."

Akanionyesha picha kwenye simu. Yalikuwa maboksi matatu ya kuchagua. La kwanza lilikuwa kubwa, limejaa vidude kama duka la shanga, kila aina ya sensa imo. Bodi yake akaitaja jina, Aduino, nami nikasikia adui, nikamuuliza adui gani tena tunamwingiza ndani. La pili lilikuwa na kibao kimoja tu ambacho kila kitu kimeshabandikwa juu yake, taa na vitufe, huungi waya wowote. Akasema hata mtoto wa la tatu anakitumia. La tatu lilikuwa dogo, sensa zake chache za kuhesabika, lakini bodi yake ina mahali pa kuchomeka laini ya simu.

Mimi nikaona jambo limekwisha. Ukipewa sahani tatu uchague, unachagua iliyojaa. Nikamwambia chukua lile kubwa, funga begi, nenda shule.

"Nitafunga begi nikishachagua," akasema.

Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Shule ilikuwa inafunguliwa, wenzake wa Lindi walishaanza kununua masanduku, na kule Iringa ukichelewa sana nafasi yako anapewa mwingine. Nikimwambia begi, ananiambia kiti. Nikimwambia kiti, anaangalia picha zile tatu kama mtu anayetafuta ndugu yake ndani ya picha ya harusi. Sikuona boksi la nyaya linahusiana vipi na kwenda shule. Shule watu wanakwenda na ndoo na shuka.

Nikaona nimpeleke kwa Mwalimu Sixbert, aliyemfundisha fizikia. Mwalimu huyu ni mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, amekaa Mchinga mpaka anakula pweza kutushinda. Zawadi ilipitia kwake, na yeye ndiye aliyetakiwa kupeleka jibu la Warda Lindi siku ya Ijumaa. Alitukaribisha barazani. Nikamwambia mwalimu, huyu mtoto ana maradhi ya kuchagua, mpe dawa.

Mwalimu alieleza mengi. Alisema lile boksi kubwa linafaa kwa anayeanza kwa sababu atajaribu kila kitu, akikosea waya hapotezi kikubwa, na vitabu vingi vimeandikwa kwa bodi ile. Alisema lile la vitufe ni rahisi, lakini Warda ameshalipita. Alisema la tatu ni gumu kidogo kwa mwanafunzi, ile sehemu ya laini inahangaisha, na inakula betri. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa kila anapopumua. Nililoshika ni betri.

Halafu akamgeukia Warda, akamuuliza kitu kimoja.

"Niambie kwanza unataka kibao kihisi nini. Nikijua hilo, mimi nitakuchagulia sasa hivi."

Warda aliangalia miguu yake. Akachora kitu kwenye vumbi kwa kidole cha mguu, akakifuta.

"Nitasema, mwalimu."

"Ni cha siri?"

"Siyo siri. Nitasema." Kisha akauliza lake, kama ametoka usingizini: huko bweni, matroni ana simu? Mwalimu akacheka, akasema matroni anayo, ni wanafunzi ndio hawaruhusiwi. Akauliza tena kama matroni anaweza kumpa mwanafunzi ujumbe kutoka nyumbani. Mwalimu akasema akiombwa vizuri kwa nini asimpe.

Njiani nikamuuliza matroni ameingiaje kwenye nyaya. Akasema ameuliza tu. Nikamwambia mke mwenzangu, maana ndivyo ninavyomwita tukitaniana, babu yako tuliyekuwa tunamgombania ameshakwenda zake, Mungu amrehemu, sasa mimi na wewe tunafichana nini? Akanishika mkono kwenye ile sehemu yenye mawe. 

Siku zilizofuata nikaamua kumsaidia. Kama mwalimu anataka kujua kihisi nini, nitatafuta mimi. Nikamwambia kihisi unyevu wa korosho, maana msimu ukifika tunabishana ghalani kila mwaka kama zimekauka au bado. Akasema ni wazo zuri, bibi. Lakini hakwenda kwa mwalimu. Nikamwambia basi kihisi joto la jiko, mikate ya kumimina isiungue. Akasema nalo ni zuri. Nikamwambia kihisi mwizi wa nazi. Akacheka, akaniambia mwizi wa nazi tunamjua sote, haina haja ya sensa.

Nikampigia mwanangu Abdulwahab, yuko Dar, anauza spea za pikipiki. Nilitaka amwambie mtoto achague upesi. Abdulwahab akanichanganya zaidi. Kwanza akasema achukue yenye laini, ndiyo mambo ya sasa. Alipouliza watu wa duka la jirani, akapiga tena, akasema hapana, achukue kubwa. Jioni akapiga mara nyingine, akasema tuache yote, Warda aende shule na mimi nihamie kwake Mbagala, atanipa chumba chenye feni. Kila anapopiga simu anamalizia na feni. Tangu masika ndiyo wimbo wake. Siku zile za mvua niliteleza uani, pale kwenye pipa la maji, nikakaa chini kwa kuwa nyonga ilikataa kuinuka, na Warda alikuwa ametumwa Lindi na mwalimu. Aliporudi alinikuta palepale, kuku wamenizunguka kama mimi ndiye mwenye mtama. Sikuvunjika. Niliumwa kidogo, na nikaona aibu kwa kuku. Nikamwambia Abdulwahab Mbagala sihami, na feni ampe mkewe.

Warda naye akawa anafanya vituko. Siku moja nikamkuta anapima mlango wa uani kwa kipande cha kamba. Nikamuuliza, akaniambia anataka kujua unafungukia ndani au nje. Mlango umekaa hapo kabla hajazaliwa, kila siku anaupita, leo hajui unafungukia wapi. Siku nyingine alisimama juu ya kinu na simu mkononi, ameinua mkono kama anayeomba dua ya mvua, anatazama mtandao unashika wapi. Mara akaniuliza, nikiamka alfajiri naanza kufungua mlango wa mbele au wa uani. Nikamwambia wa uani, nichukue udhu, wewe ulidhani nachukulia udhu barabarani? Akaniuliza kama kuna siku huwa sifungui. Nikasema labda siku nitakayokufa. Nilisema kwa mzaha. Aliinuka akaenda kuwafungia kuku, na jua bado lilikuwa juu, kuku wakakataa kuingia.

Nikaanza kuogopa. Nilidhani shule imemtoka moyoni, na hii habari ya kiti ni kisingizio tu. Nimeona watoto wa namna hiyo, wanafaulu halafu wanaogopa baridi ya ugenini. Usiku nikamwombea. Asubuhi nikalishusha begi mwenyewe, nikalifuta vumbi, nikaliweka kitandani kwake. Mchana nikalikuta juu ya kabati.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Sixbert alipita kwetu watu wakiwa bado msikitini, amevaa shati la safari, akaketi barazani kungoja. Alisema gari la Lindi likija linamchukua, na akiondoka bila jibu la Warda zawadi itapelekwa kwa aliyefuata. Alisema kwa upole, lakini alisema. Nikampa maji ya dafu. Ndani, Warda alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango wa uani, magoti kifuani.

Nikakaa naye chini, na kwa nyonga yangu kukaa chini si jambo dogo. Niliwaza nimkaripie, nikaona kumkaripia ameshakuzoea. Nikaona nimtege. Tangu akiwa mdogo hatukosi kusikilizana kwenye vitendawili. Mtoto ambaye humpati kwa swali, kwa kitendawili anakaa wima.

"Nakutega," nikamwambia.

Akaniangalia. "Leo, bibi?"

"Leo. Nina mgeni, hana macho anajua giza, hana ngozi anajua joto, hana pua anajua moshi. Lakini hajui kitu mpaka umwambie ajue nini."

"Sensa," akasema, na tabasamu likamjia kidogo. "Hiki umekitunga wewe."

"Nimekitunga. Sasa swali la pili limo ndani yake. Mgeni huyo wewe unataka ajue nini?"

Tabasamu likaondoka. Nikamwambia sheria anaijua, ajibu au atoe mji.

"Nakupa Lindi."

"Lindi sitaki. Nimekwenda mwezi uliopita, jua lao kali."

"Nakupa Kilwa, ukamwone mama."

"Kudra atanilalamikia mumewe mpaka nirudi na kichwa kinauma. Sitaki."

 Nje mwalimu aliweka dafu chini, nikasikia. Sikusikia gari. 

"Basi nakupa Iringa."

 Alisema taratibu, kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima. Nikamtazama, nikaona kumbe hatanii. Angenipa kweli. Angekaa hapa na mimi, akune nazi, awafungie kuku, na mchezoni ningekuwa nimeutwaa mji wake wote, na shule yake ndani.

Nikamwambia Iringa siupokei. "Mji unautoa ukiwa umeshafika huko. Iringa hujaukanyaga, si wako kuutoa."

"Basi sina mji mwingine, bibi."

"Kama huna mji, jibu."

 Akashika komeo la mlango wa uani, lile la mti, akalisogeza kulia, akalirudisha kushoto, likalia kama linavyolia kila alfajiri. Aliposema hakunitazama, alilitazama komeo.

"Nataka ijue huu mlango umefunguliwa. Ndiyo hiyo ndogo yenye laini, hata mwalimu akisema ngumu. Niifunge hapa juu, kila alfajiri ukifungua itume ujumbe kwa matroni, matroni anipe. Usipofungua imwambie Mama Suleiman hapo jirani aje mbio, usikae tena chini peke yako." Akaliachia komeo. "Nilikuambia haihesabu watu, bibi. Hiyo nataka ihesabu. Inihesabie wewe, kila siku kabla sijaingia darasani, iniambie kule Iringa: yupo."